RUSHWA INA MAJINA MENGI: KWA NINI TUMERUDISHA BATI 60

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wetu wa Jumamosi hapa Kahama. Tunayatuma kwa maandishi kwa ajili ya wenzetu walioko machimboni Nyarugusu, Katoro na Mwakitolyo ambao hawakuweza kufika, na kwa waliofika wakaondoka kabla hatujamaliza. Tafadhali soma mpaka mwisho. Ukimtumia mwenzako, mtumie yote, usikate kipande.

---



  Najua leo wengi hamkuja kusikiliza ajenda za kawaida. Mmekuja kusikia habari ya bati. Nitaisema yote, pamoja na sehemu inayonihusu mimi.

*Yaliyotokea*

Ofisi yetu inavuja. Masika yaliyopita tulifanya vikao viwili chini ya mwembe, na daftari la wanachama lililowana tulilianika juani kama mpunga. Wiki tatu zilizopita alikuja mtu mmoja, mkandarasi. Akasema ameona hali yetu, ameguswa, na angependa kuchangia bati 60 za geji 30, misumari na fundi wa siku mbili. Akasema hana masharti yoyote. Kesho yake bati zikashushwa uani kwa Mwenyekiti.

Kamati ilipokutana mara ya kwanza, mimi nilikuwa wa kwanza kusema tupokee. Sitaki mtu aniletee sifa ambazo si zangu. Nilisema: mvua hazisubiri.

Aliyetusimamisha ni mjumbe mmoja mama, ambaye ameniomba nisimtaje. Aliuliza swali moja tu: "Huyu bwana ana kazi gani hapa kwetu?" Tukajibu kwamba anajenga zahanati ya halmashauri. Akauliza tena: "Na hiyo zahanati inakaguliwa na nani?" Kimya. Maana inakaguliwa na kamati ya madiwani, na diwani wetu wa chama hiki ni mjumbe wa kamati hiyo, na ukaguzi ulikuwa umepangwa wiki iliyofuata.

Tulipiga kura. Sita walisema zirudi, wanne walisema zibaki. Zikarudi na lori lilelile.

Tangu siku hiyo nimeyasikia maneno. Kwamba Kamati ina kiburi cha maskini. Kwamba Katibu alitaka chake akakosa, ndiyo maana kazirudisha. Kwamba bati si rushwa, rushwa ni hela kwenye bahasha. Haya mawili ya kwanza nayaacha. La tatu ndilo nataka tulizungumze, kwa sababu aliyelisema ni mzee ninayemheshimu, na alilisema kwa nia njema.

*Habari za uchapishaji wa noti*

Naomba tuondoke kidogo kwenye bati, twende kwenye kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mfukoni. Toa noti yako uitazame. Hii haikuchapwa Tanzania. Benki Kuu yetu ilipofungua milango Juni 1966 noti zilichapwa nje, na mpaka leo tunaagiza. Viwanda vya kazi hii duniani ni vichache. Sasa fikirini biashara hiyo ilivyo. Mnunuzi ni mmoja, serikali. Wauzaji wanahesabika. Mkataba ni wa fedha nyingi na unarudiwa kila noti zinapochakaa, na huku machimboni mnajua noti inavyochakaa haraka, inavyokaa kwenye tope na jasho. Ndiyo maana mwaka 2014 noti ya mia tano ililetewa sarafu. Na juu ya yote kuna usiri. Alama za usalama za noti hazitangazwi, na ni haki zisitangazwe. Lakini chini ya blanketi hilo la usiri, bei nayo hujificha.

Mahali kama hapo rushwa hupenda kuishi. Lakini tazameni inavyoingia.

Australia kulikuwa na kampuni mbili za noti. Moja, Note Printing Australia, mali ya Benki Kuu ya nchi hiyo. Ya pili, Securency, iliyotengeneza malighafi ya noti za plastiki, nusu yake ikiwa mali ya benki hiyohiyo. Hizi hazikuwa kampuni za mtaani. Mwaka 2009 magazeti ya kwao yalifichua kwamba zilikuwa zinapata mikataba nchi za nje kwa kupitia mawakala wanaolipwa kamisheni kubwa. Mwaka 2011 zikashtakiwa, na mwaka 2018 umma ukaambiwa rasmi kwamba kampuni zote mbili zilikuwa zimekiri makosa ya kula njama za kuwahonga maafisa wa nchi za Asia, zikiwemo Malaysia na Indonesia. Upande wa Afrika, meneja mmoja wa Securency alitiwa hatiani London mwaka 2016 kwa kumhonga afisa wa shirika la kuchapa noti la Nigeria, akafungwa miezi 30.

Sasa sikilizeni majina. Kwenye vitabu vya kampuni hakuna ukurasa ulioandikwa "rushwa". Palikuwa na neno "kamisheni". Kuhusu Vietnam, waendesha mashtaka walidai kwamba sehemu ya malipo ilikuwa ada ya chuo kikuu Uingereza kwa mtoto wa mkubwa wa benki. Ada ya mtoto! Nani kati yetu angekataa mtoto asisomeshwe?

Njooni hapa jirani, Kenya. Kampuni ya Uingereza iitwayo Smith & Ouzman, wachapaji wa karatasi zenye alama za usalama, ilipata kazi za kuchapa karatasi za kura na nyaraka za mitihani. Desemba 2014 mahakama ya London iliitia hatiani kampuni hiyo pamoja na wakurugenzi wake wawili, baba na mwana, kwa malipo ya karibu pauni 395,000 kwa maafisa wa Kenya na Mauritania. Kwenye barua pepe zao, rushwa ya Kenya iliitwa kwa jina gani? Iliitwa *kuku*. Wakenya wakaipa kashfa nzima jina la Chickengate. Kitoweo cha mgeni kimegeuzwa jina la wizi wa kura na vyeti vya watoto.

Na sisi tusicheke. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa *takrima*, eti ni ukarimu wa Mwafrika: mgombea akigawa pilau na kanga si rushwa, ni desturi. Ilichukua mpaka mwaka 2006 Mahakama Kuu kuifuta, baada ya mashirika ya haki za binadamu kufungua kesi. Miaka sita nchi nzima iliishi na rushwa yenye jina zuri kwenye kitabu cha sheria.

Kamisheni. Ada. Kuku. Takrima. Ndugu zangu, rushwa haiji mlangoni ikasema, "Hodi, mimi ni rushwa." Inakuja na jina la kitu unachokihitaji. Kwetu sisi ilikuja na jina la bati.

*Nani anayelipa*

Kuna aliyeniambia: "Katibu, ni hela yake mwenyewe, ameamua kutoa." Tupige hesabu. Kampuni inayomlipa wakala kamisheni kubwa ili ipate mkataba wa noti haitoi hela hiyo kwenye mfuko wa bibi yake. Inaiongeza kwenye bei ya noti. Benki Kuu inanunua kwa bei ya juu. Faida ya Benki Kuu huenda serikalini kama gawio, kwa hiyo gawio linapungua. Gawio likipungua, darasa moja halijengwi, na hakuna atakayesimama kusema darasa hilo limeliwa na noti.

Sisi wa ukanda huu tuna sababu zaidi ya kufuatilia. Tangu Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya Benki Kuu na viwanda vya kusafisha vya ndani. Dhahabu ya Geita na ya Kahama inakwenda kukaa kwenye akiba ya taifa, kuipa nguvu shilingi hiyohiyo. Kijana anashuka duarani, anapanda na jiwe, jiwe linakuwa akiba. Haitakuwa haki thamani iingie kwa jasho kupitia mlango wa mbele, halafu itoke kwa kamisheni kupitia dirisha la mikataba.

Na bati 60? Zilitoka wapi? Mkandarasi huyo ana bei yake ya mkataba, nayo haiongezeki kwa sababu ametupa zawadi. Basi zimetoka kwenye saruji ya zahanati, au kwenye nondo, au kwenye unene wa sakafu. Mama wa kijiji kile angejifungulia kwenye sakafu inayopasuka ili mimi nisilowe nikiandika muhtasari. Na siku ya ukaguzi diwani wetu angefika pale, akaiona nyufa, akakumbuka paa la ofisi ya chama chake. Hakuna aliyemwomba anyamaze. Angenyamaza mwenyewe. Hilo ndilo sharti la zawadi isiyo na masharti.

*Tuhuma si hukumu*

Sasa nageukia upande wa pili, na hapa naomba vijana wa kundi la WhatsApp wanisikilize vizuri, maana tangu jambo hili litokee nimeona mnavyoandika.

Sisemi kwamba mkandarasi yule ni mla rushwa. Sijui moyo wake. Inawezekana kweli aliguswa. Uamuzi wetu wa kurudisha bati haukuhitaji awe mwovu. Ulihitaji tu kwamba kazi yake inakaguliwa na mtu wetu. Kwa hiyo jina lake lisitajwe kwenye kundi, na picha ya lori lake iliyotumwa ifutwe leo.

Huku kwetu tunaijua hatari ya kuhukumu kwa uvumi. Sungusungu ilizaliwa ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilifanya kazi kubwa dhidi ya wezi wa ng'ombe. Lakini mikoa hii hii imezika bibi zetu waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na mtu mmoja akanong'ona. Tuhuma bila ushahidi inaua.

Hata kwenye mambo ya noti ni hivyo. Mwaka 2009 wafanyakazi wanne wa Benki Kuu yetu walifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, wakidaiwa kuisababishia serikali hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 104 kwa kuagiza noti kwa bei ya juu. Sikuwataja majina na sitawataja. Kushtakiwa ni kuitwa ujibu, si kuhukumiwa. Na angalieni, shtaka lilikuwa la hasara. Hasara na rushwa ni vitu viwili, na anayevichanganya anamwonea mtu. Sudan Kusini nayo: mwaka 2019 taasisi ya Uingereza inayochunguza ufisadi mkubwa, SFO, ilitangaza kuichunguza biashara ya kampuni ya De La Rue nchini humo. Mwaka uliofuata uchunguzi ukafungwa bila mashtaka. Aliyesambaza habari ya kwanza ana wajibu wa kusambaza na ya pili.

Na kuna kisa kimoja kinachonigusa zaidi. Kule Australia, aliyepiga kelele mapema ndani ya kampuni ya noti aliitwa Brian Hood. Naye alikuwa katibu, katibu wa kampuni. Alitoa taarifa kwa wakubwa, hakusikilizwa, na baadaye akapoteza kazi. Mwaka 2023, alipokuwa meya wa mji wake, watu walimwambia kwamba programu ya kompyuta inayojibu maswali inasema yeye ndiye aliyefungwa kwa kashfa ile. Mtu aliyefichua akageuzwa mhalifu, kwa sababu jina lake lilikuwa karibu na neno rushwa kwenye maandishi mengi. Kama mashine inaweza kukosea hivyo, je, kundi letu la watu 200 saa nne usiku?

*Basi tufanye nini*

Kwanza, tujifunze kuuliza. Wachimbaji mnajua. Kabla ya soko la madini la Geita kufunguliwa Machi 2019, ulikuwa unauza kwa mizani ya mnunuzi, kibandani, usiku, na bei anaijua yeye. Soko lilileta vitu vitatu: mizani inayoonekana, bei iliyoandikwa ukutani, na mtu wa serikali anayeandika. Mkataba wowote uulizeni vitu hivyohivyo vitatu. Kipimo ni kipi na nani alikiandika? Bei ya kimoja ni shilingi ngapi, na wengine wananunua kwa ngapi? Nani yupo katikati, na analipwa kwa kazi gani? Mkataba wa noti una siri zake za usalama, lakini alama ya siri kwenye noti haihitaji bei ya siri mbele ya Mkaguzi Mkuu na mbele ya kamati ya Bunge ya hesabu. Na mkataba wa zahanati hauna siri yoyote. Diwani wetu ameahidi kusoma bei zake hapa, mstari kwa mstari, mkutano ujao.

Pili, mwenye ushahidi asiupeleke kwenye kundi. Aupeleke TAKUKURU, simu 113, haikati hela. Sheria ya mwaka 2007 inasema anayetoa na anayepokea wote wana kosa, kwa hiyo usijifariji kwamba wewe ulipewa tu. Na tangu mwaka 2015 tuna sheria ya kumlinda mtoa taarifa na shahidi. Fedha zinaweza kurudi. Mnakumbuka rada. Kampuni ya BAE ya Uingereza haikutiwa hatiani kwa rushwa. Ilikiri mwaka 2010 kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za malipo, na hata kwa hilo tu pauni milioni 29.5 zilirudi Tanzania, zikanunua vitabu na madawati ya shule. Kosa lilishikwa kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana nasema daftari ni silaha.

Tatu, daftari letu sisi. Chama kinachodai bei za Benki Kuu na hakijui nani alinunua viti vyake vya plastiki ni chama cha mzaha. Kuanzia leo kila mchango, hata wa kuku wa sherehe, unaandikwa: nani ametoa, kiasi gani, ana kazi gani na serikali au halmashauri. Daftari litakaa mezani, si kabatini kwangu. Mwanachama yeyote alifungue bila kuomba ruhusa. Anayetoa na hataki kuandikwa, tunamshukuru na tunamrudishia palepale.

*Mwisho*

Nirudi kwa mzee wangu aliyesema bati si rushwa. Mzee, shikamoo. Una haki kwamba mvua inanyesha na hasira haiezeki nyumba. Sina jibu zuri la hilo, isipokuwa hili. Jana jioni nilihesabu michango ya wanachama tangu tuanze wiki iliyopita. Kuna waliotoa elfu kumi, kuna aliyetoa mia tano mbili za sarafu, kuna mama aliyetoa debe la mahindi tukaliuza. Tumenunua bati 14. Risiti iko hapa, ipitisheni mkono kwa mkono muisome. Hazitoshi. Zinafunika chumba cha daftari tu, na vikao tutaendelea kuvifanya chini ya mwembe kwa muda.

Lakini wiki iliyopita diwani wetu alikwenda kukagua zahanati. Alipima sakafu kwa rula. Akaandika alichokiona, kizuri na kibaya, na akarudi nyumbani bila deni la mtu. Mkandarasi ameagizwa kurekebisha chumba kimoja, na ameanza. Kila atakayelazwa chumba kile amepata zaidi ya bati 60.



---

*Mkutano ujao:* Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe. Diwani atasoma bei za mkataba wa zahanati. Njoo na kalamu.

*Mchango wa paa:* mpe Mweka Hazina mkononi, subiri risiti, hakikisha jina lako limeandikwa.

Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati.